Mkeka Ulio Chini ya Mbuzi

Tatu na Salome, wanangu wa kazi,

Siku niliyowakabidhi funguo za chumba, Salome uliniuliza swali nami nikakujibu, "Nitaandika." Najua ulidhani nakukwepa. Haya, naandika! Swali lenyewe lilikuwa hili: kwa nini kwetu sisi mkeka hautandikwi kwa ajili ya mgonjwa, unatandikwa chini ya kiti cha kuchulia, halafu mchuaji mwenyewe ndiye anayelala juu yake kabla hajagusa mgongo wa mtu? Ulisema wateja wanaotoka Dar wanacheka. Waache wacheke. Mtu akicheka mabega yanashuka, nanyi mnajua tunavyohangaika kuyashusha.

Vyeo sitaandika, sikuwa navyo. Nilianza Zuhura mchuaji, nimestaafu Zuhura mchuaji, tofauti ni magoti tu. Nitaandika yale ambayo nikifa nayo mtakuja kuyabuni, na mtayabuni vibaya, nawajua.

Kuchua nilifundishwa Pande, kwa Bi Somoe. Hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, anayetafuna tambuu, na wanawake wa vijiji vitatu walipelekwa kwake kila walipojifungua au walipoanguka na mzigo wa kuni. Siku yangu ya kwanza nilifika na kichupa cha mafuta ya nazi nikidhani nitaonyesha bidii. Alikinusa, akakiweka pembeni.

"Hayo ya nywele. Hapa tunatumia ya ufuta. Kaa."

Alitandika mkeka wake wa ukindu, uliojaa madoa ya mafuta ya miaka mingi, akakunja kanga mara nne na kuficha punje moja ya mahindi katikati ya mikunjo. Akaniambia nifumbe macho niitafute kwa dole gumba. Nilipoipata nikaibonyeza kwa furaha. Akanipiga kofi mkononi!

"Usiibonyeze. Iulize."

"Niiulize nini, Bi?"

"Iulize inataka kwenda wapi."

Mimi nikacheka, yeye hakucheka. Nilikaa na punje ile wiki nzima. Kanga ikaongezwa mikunjo, mitano, sita, minane, hadi siku moja nikahisi punje inateleza yenyewe chini ya kidole, bila kulazimishwa, inaingia kwenye mkunjo wa pembeni. Yarabi, nilipiga kelele! Bi Somoe akasema tu, "Kesho utagusa mtu." Hayo ndiyo yalikuwa mahafali yangu, na mpaka leo sijaona sherehe iliyonipendeza zaidi.

Jambo moja lazima nilieleze hapa, maana bila hilo hadithi nzima haishiki. Salome, wewe umetoka kwenu Umakondeni, labda hulijui. Kwetu pwani kiti si cha kukalia tu. Mtu anayepandwa na pepo, pepo akasema kwa kinywa chake, naye huitwa kiti. Dada yake Bi Somoe alikuwa kiti. Kwa hiyo maisha yake yote Bi Somoe aliulizwa kama na yeye ana pepo, kama mikono yake inaongozwa na nani, kama ng'ombe wa fulani alikufa kwa sababu yake. Jibu lake lilikuwa moja tu, na alilitoa kila mara kwa sauti ileile: "Mimi nina mikono miwili na mafuta ya ufuta. Cha tatu sina." Kila mwanafunzi wake alilazimika kulisema kabla ya kuruhusiwa kwenda kufanya kazi peke yake. Nami nililisema, nimesimama mlangoni kwake, na nikaapa.

Basi ikaja ile miaka tuliyoiita ya ruksa. Jamani, nyinyi hamkuiona! Jana duka lina chumvi na viberiti, leo lina sabuni za rangi nne na redio zinazoimba kwa pamoja. Mji wa Masoko ukapata hoteli ya wageni wanaokuja kuvua samaki wakubwa kwa starehe, kazi ambayo watu wetu huifanya kwa shida. Mgeni akivutana na samaki kwa muda wa saa tatu, jioni hawezi kuvaa shati. Nilichukuliwa pale nifue mashuka, lakini meneja aliposikia kuwa najua kuchua akanihamishia kwa Mama Inge.

Mama Inge alikuwa mchuaji kama sisi, amesomea kwao Ulaya, mnene, mwekundu, mcheshi. Na alikuwa na kile kiti. Siku nilipokiona mara ya kwanza kilikuwa kimekunjwa kwenye mfuko, nikadhani ni kitanda cha mtoto. Akakifungua: ta, ta, ta! Miguu ya chuma, mto wa kukalia, mito miwili ya magoti, mto wa kifua, ubao wa kulaza mikono, na juu kabisa mto wa uso wenye tundu katikati. Akaniambia, "Wewe kaa." Nikakaa. Nilikaa kinyumenyume, mgongo kwenye mto wa kifua, miguu inaning'inia, nikatabasamu kwa adabu nikingoja kupigwa picha. Mama Inge alicheka hadi akashika ukuta.

Aliponigeuza, nikaweka uso kwenye lile tundu, nikaona sakafu tu na vidole vya miguu yake. Kisha akaegemeza kiwiko begani kwangu. Hakusukuma, aliegemea tu. Wanangu, nililia. Miaka kumi na miwili nilikuwa nimechua watu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunichua mimi. Nililia machozi yakadondoka moja kwa moja sakafuni kupitia tunduni, na Mama Inge akayafuta kwa unyayo. Siku hiyohiyo nikajua kwamba nakitaka kile kiti kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na nimewahi kutaka mume.

Alinifundisha misimu miwili. "Uzito kwanza, mikono baadaye," ndiyo sentensi aliyoipenda. Kwa kiti mchuaji anasimama, hainami, kwa hiyo mgongo wake unadumu. Mgonjwa anabaki na nguo zake, hapakwi mafuta, na mlango unabaki wazi. Hilo la mlango ndilo lililonisisimua. Kwa mkeka nisingeweza kuchua mwanamume asiye wangu, ungekuwa msiba. Kwa kiti ningeweza, hadharani, mke wake amekaa pembeni anakula karanga.

Mama Inge alipoondoka aliniachia kiti. Sikulala, sikula. Nikapanga chumba karibu na soko, nikatafuta ubao, nikaandika mwenyewe kwa rangi nyekundu iliyobaki kwa fundi wa milango:

ZUHURA AMEPATA KITI CHA KIZUNGU. MAUMIVU YOTE. KARIBUNI.

Mnaliona kosa? Mimi sikuliona. Nilirudi nyuma hatua tatu nikausifu mwandiko.

Kesho yake asubuhi nikakuta watu saba mlangoni. Saba! Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa makamo, amejifunika vizuri, mkononi ana chupa ya marashi na kifurushi cha udi. Nikapokea, nikashukuru, nikasema moyoni watu wa Masoko wana ukarimu. Akanisogelea akanong'ona:

"Kiti anapenda nini?"

Hakusema kinapenda. Alisema anapenda. Nikadhani ni ulimi tu, maana alikuwa Mmatumbi na wao nyumbani wana lugha yao. Nikamjibu, "Anapenda utulie, uweke uso hapa, upumue." Akatii kwa heshima kubwa. Nilipomaliza bega lilikuwa limefunguka kweli, akasimama akarudi kinyumenyume hadi mlangoni, asikipe kiti mgongo.

Siku ya pili nikaelewa. Mwanamke mwingine aliuliza kama Mzungu mwenyewe anapanda asubuhi au alasiri, na kama anaongea Kiingereza au Kijerumani. Nikafahamu mji mzima unasema Zuhura ana pepo wa Kizungu. Na hapa ndipo pabaya, Tatu na Salome, na nimelikalia miaka mingi. Sikuwasahihisha. Foleni ilikuwa ndefu, migongo ilikuwa inapona, nilikuwa nimelewa furaha ya kutafutwa na watu. Nikajiambia nitasema kesho. Siku ya tatu niliukubali udi uwashwe, eti chumba kinukie vizuri. Siku nane nilikaa hivyo.

Siku ya nane akaingia Bi Somoe. Alikuwa amepanda lori la muhogo kutoka Pande, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Habari ilikuwa imemfikia na hakuiamini, akaja aone mwenyewe. Akasimama mlangoni. Akauona ubao, akauona moshi wa udi, akamwona mwanamke amepiga magoti mbele ya kiti anakinyunyizia marashi.

Nikakimbia kumpokea. "Shikamoo, Bi Somoe!"

Hakuitika. Akanitazama, akavuta kanga akafunika uso upande wangu, akageuka, akarudi palepale lori liliposimama. Nikamfuata nikisema shikamoo, shikamoo, shikamoo, watu wanatutazama, na hakunipa marahaba hata moja. Nyinyi wa siku hizi mnasalimiana "mambo vipi" mkiwa mnatazama simu, huenda hamwoni uzito wake. Mimi niliuona. Mtu aliyenipa mikono yangu alikuwa ameninyima salamu, na alikuwa na haki.

Jioni ileile niling'oa ubao. Nikamwaga udi, nikasugua chumba kwa sabuni, nikasimama mlangoni nikawaambia watu wote waliokuja: hiki ni chuma na sponji, hakipandwi na mtu, kinakaliwa. Wengine walitukana, wengine waliomboleza. Yule mama wa marashi akasema bega lake basi lilipona kwa uongo, na akataka limuume tena. Baada ya hapo kikapita kimya cha wiki tano. Nilikuwa nafuta vumbi kwenye kiti ambacho hakijachafuka.

Aliyeniokoa alikuwa Mzee Chitanda, mkulima wa Kilangala aliyekuja kwa binti yake pale Masoko. Alikuwa amebeba mashine ya kupulizia salfa kwenye mikorosho msimu mzima, ile ya kuvaa mgongoni inayonguruma, na mgongo ulikuwa umegoma upande mmoja. Pepo hakumhusu. Akakizunguka kiti, akakigonga kwa fimbo, akasema:

"Huyu mbona ni mbuzi."

"Mbuzi, mzee?"

"Mbuzi ya kukunia nazi! Unapanda hivi, unatanua miguu hivi, unainama mbele. Tofauti ni kwamba hapa nazi ni mimi."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Jina lilikuwa limepatikana! Lakini nilipomwomba aweke uso tunduni alikataa katakata.

"Nikupe mgongo, wewe binti, halafu unisalimie kisogo? Mimi nina wajukuu."

Alikuwa na haki. Mzee hasalimiwi kisogoni. Nilikuwa nimekwisha kumwamkia mlangoni, lakini kwake ile ilikuwa salamu ya mlangoni, na kazi ina salamu yake. Nikafikiri, nikamwambia, "Mzee, wewe inama tu." Akainama huku akinung'unika. Nikalala chali sakafuni, nikajisogeza mpaka uso wangu ukawa chini ya tundu, macho kwa macho, nikasema, "Shikamoo, Mzee Chitanda." Nikaona ndevu zinatikisika.

"Marahaba, mwanangu! Loo! Marahaba sana!"

Na mgongo wake ulilegea palepale, kabla sijamgusa. Niliona mabega yanashuka. Nikagundua kwamba mtu aliyefunikwa uso hupata hofu kidogo, hajui nani yuko nyuma yake na anataka kufanya nini. Ukimwonyesha uso wako kutoka chini, yeye juu wewe chini, hofu inaondoka. Tangu siku hiyo sikumgusa mtu kabla ya kulala sakafuni. Hata mtoto wa shule nilimwambia hujambo kutoka kule chini, akafurahi mno.

Ubao mpya niliuandika MBUZI YA MGONGO. Madereva wa malori walikuwa wanapiga breki wanauliza kama supu ipo. Wawili walibaki wakachuliwa.

Sasa nipumzike kidogo niwaambie mambo ya chombo, maana najua mtayasahau. Kabla mtu hajapanda, kiegemeeni nyinyi kwa uzito wote, msikie kama chuma kinalia. Msumari wa skrubu wa mguu wa kushoto si wake, ule wa asili ulikatika nikapata mwingine kwa fundi baiskeli, na lazima ukazwe kila Jumatatu. Mto wa uso ubadilishwe kitambaa kwa kila mtu, hata kwa ndugu wawili waliokuja pamoja. Mto wa kifua ushushwe kwa wanawake wenye matiti mazito, msingoje wawaombe, hawataomba. Mwenye homa, mwenye ganzi inayoshuka mguuni, mwenye mimba changa, mpelekeni hospitali kwanza, wala msione aibu kwamba mmeshindwa. Na msibonyeze. Ulizeni.

Miaka sita nilituma salamu Pande. Nilituma kwa wachuuzi, kwa mwalimu wa chuo, kwa bibi harusi mmoja aliyeolewa kule. Nilituma kanga, ikarudi imekunjwa vilevile. Mwaka wa tatu nilikwenda mwenyewe, nikapiga hodi, nikasikia anakohoa ndani, na hodi yangu haikuitikiwa. Nilikaa kizingitini mpaka adhuhuri, kisha nikarudi. Kazi ilikuwa imenawiri, watu walitoka hadi Lindi, lakini kila nilipofungua mlango asubuhi nilimwona pale na vumbi kwenye kope.

Mwaka wa saba, asubuhi moja ya kiangazi, pikapu ikasimama nje. Akashuka Mwajuma, binti yake Bi Somoe, mtu mzima mwenzangu, kisha wakamshusha yeye. Yarabi, alikuwa amejikunja. Alikuwa ameanguka kisimani miezi minne iliyopita, kifua kimebana, na akilala chali au kifudifudi pumzi inakatika. Wanafunzi wake wote wa Pande walikuwa wanachua mkekani, na mkekani hakuweza kulala. Kulikuwa na kitu kimoja tu katika wilaya nzima ambacho juu yake mtu anaweza kuchuliwa akiwa amekaa.

"Shikamoo, Bi Somoe," nikasema.

Akamgeukia Mwajuma. "Mwambie huyo mwenye mbuzi, aanze."

"Mama anasema uanze," akasema Mwajuma, kana kwamba nilikuwa Lindi.

"Mwambie kwanza hospitali wamesema nini," nikasema.

"Mwambie hakuna mfupa uliovunjika. Mwambie tumepigwa picha. Mwambie nilimfundisha kuuliza, sikumfundisha kunihoji."

Tukampandisha. Nikashusha mto wa kifua, nikapandisha wa magoti, nikabadilisha kitambaa. Uso wake ukaingia tunduni. Alikuwa mwepesi, nilimwinua kwa mkono mmoja. Ningeweza kuanza tu. Mgongo ulikuwa mbele yangu, niliona mpaka mahali fundo la msuli lilipojificha kama punje, chini ya bega la kushoto. Lakini nilikuwa na utaratibu wangu, na utaratibu haubagui.

Nikalala sakafuni. Nikajisogeza. Nikafika chini ya tundu, na macho yake yalikuwa pale, shubiri mbili juu yangu, na hapakuwa na kanga ya kuvuta wala pa kugeukia.

"Shikamoo, Bi Somoe."

Akafumba macho. Nikangoja. Saruji ilikuwa ya baridi. Mwajuma alisimama ukutani.

"Toka hapo," akasema Bi Somoe, macho amefumba. "Nina tambuu mdomoni, nitakudondoshea."

"Dondosha, Bi."

Akadondosha kweli. Tone jekundu, katikati ya paji la uso. Sikulifuta.

Akafumbua macho. "Marashi uliyapokelea nini?"

Miaka sita nilikuwa nimetayarisha majibu. Kwamba sikujua, kwamba ubao ulikosewa, kwamba nilikuwa na mpango wa kuwaeleza. Yote yakaniponyoka.

"Nilifurahia watu, Bi. Walikuwa wengi. Nilijua tangu siku ya pili, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa nafurahi."

Akahamishia tambuu shavu la pili.

"Una nini?" akauliza.

"Nina mikono miwili, Bi, na hiki chuma."

"Cha tatu?"

"Sina."

Akavuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. "Marahaba, Zuhura," akasema. "Sasa inuka. Mgongo wangu hauko huko chini."

Nilimchua nikilia na kucheka, na yeye akinielekeza njia nzima: kushoto, chini kidogo, acha haraka, hiyo ni mbavu si punje. Punje ilipoteleza aliguna mara moja tu, kwa sauti ndogo. Alishuka mwenyewe kitini.

Wiki iliyofuata Mwajuma alirudi na kitu amekibana kwapani. Ulikuwa ule mkeka wa ukindu, wenye madoa ya ufuta, ambao juu yake nilitafuta punje yangu ya kwanza. Pindo lake lilikuwa limeshonwa upya. Nikamuuliza Bi Somoe amesema nini.

"Amesema uutandike chini ya mbuzi," akasema Mwajuma. "Usilale tena kwenye saruji, utaharibika mgongo, na yeye hana tena nguvu za kukuchua."